Ndege Moja ya Kolwezi: Fouga ya Katanga, Septemba 1961

Wakaaji wa Bunia waliosikia ndege za kivita za Wafaransa zikipita juu ya mji wakati wa operesheni ya Artemis, mwaka 2003, hawahitaji kuelezwa kwamba mlio wa ndege hufanya kazi hata pasipo bomu kudondoshwa. Kisa tunachokusudia kukieleza hapa ni cha zamani zaidi, nacho ni cha ndege moja tu.

Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Februari 1961 serikali ya Moïse Tshombe ilipokea kutoka Ufaransa jeti tatu aina ya Fouga Magister. Vitabu vingi huziita ndege za kivita, na hapo lugha hutupoteza: zilikuwa ndege za kufundishia marubani, zenye viti viwili, zilizotiwa bunduki za rashasha puani na mabomu madogo chini ya mabawa. Moja ilianguka. Ya pili ilikamatwa na Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville tarehe 28 Agosti. Ikabaki moja, kule Kolwezi.

Mapigano yalipozuka tarehe 13 Septemba, hiyo moja ikatawala anga yote ya Katanga. Ubora wake haukuhusika. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kupigana. Iliwashambulia askari wa Ireland wapatao 155 waliozingirwa Jadotville, ikaharibu ndege za uchukuzi zilizoegeshwa viwanjani. Askari wale walisalimu amri tarehe 17. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kilichowashinda ni ukosefu wa maji na risasi, kwa kuwa msaada haukuweza kuwafikia.

Alasiri hiyo hiyo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld aliondoka Léopoldville kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Kwa kuihofia Fouga, ndege yake ilizunguka upande wa mashariki, usiku, redio ikiwa kimya. Ikaanguka karibu na Ndola baada ya saa sita usiku. Wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha, mmoja wao siku chache baadaye hospitalini. Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, alipewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kupitia ushahidi. Katika ripoti yake ya 2017 aliona yawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali hiyo. Mabishano yamekuwa juu ya kama Fouga iliweza kuruka usiku ule. Kwa maoni yetu, swali hilo, pamoja na uzito wake, limefunika jambo lisilobishaniwa: iwe iliruka au ililala Kolwezi, ndiyo iliyoamua njia na saa ya safari.

Oktoba jeti zilifika kutoka Sweden, Ethiopia na India, zikiwamo Canberra za India, ambazo kweli ni ndege nyepesi za mabomu. Desemba uwanja wa Kolwezi ulishambuliwa.