Mguu wa Nta: Historia Iliyobaki Ndani ya Kalibu

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1942, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Bomu moja liliangukia upande wa kusini wa kanisa kuu la mji huo na kubomoa kikanisa kizima cha pembeni. Mwaka uliofuata, wakati wa kulikarabati jengo, juu ya ukuta wa mawe ulio karibu na kaburi la Askofu Edmund Lacy vilikutwa vipande vya nta vilivyofunikwa na vumbi. Vilikuwa vidole, nyayo, miguu ya watu, viungo vya farasi na ng'ombe, na sanamu ndogo ya mwanamke aliyevaa gauni refu.

Lacy alikuwa askofu wa Exeter tangu 1420 hadi alipofariki mwaka 1455. Katika uhai wake alisumbuliwa mno na maradhi ya miguu. Baada ya kifo chake watu walianza kuliendea kaburi lake kuombea afya, hasa wenye matatizo ya miguu, na kila mmoja aliacha pale umbo la kile kilichomuuma. Mwenye goti bovu aliacha mguu, na mwenye farasi anayechechemea aliacha mguu wa farasi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili, maana neno tunalo: nadhiri. Mtu huweka nadhiri akiwa na shida, na shida ikiondoka huiondoa nadhiri yake. Pwani ya kwetu wako wanaopeleka ubani na marashi kwenye makaburi ya wacha Mungu, na wengine wanaona kufanya hivyo ni makosa. Ubishi huo nauacha kwa wenyewe. Ninachotaka kuuliza hapa ni swali la mwanafunzi wa historia: mtu asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, tutamjuaje?

Kwa matajiri kazi ni nyepesi. Tarehe 28 Septemba 1443, Margaret Paston wa Norfolk alimwandikia mumewe John, aliyekuwa mgonjwa London. Alimweleza kwamba mama amemwekea nadhiri ya kupeleka Walsingham sanamu ya nta yenye uzito sawa na wa John mwenyewe, na kwamba yeye Margaret ameahidi kwenda huko kuhiji kwa ajili yake. Barua ile ipo hadi leo. Hebu fikiria, ndugu msomaji, nta ya uzito wa mwanamume mzima! Nta ya nyuki ilikuwa ghali. Maskini walimulika nyumba zao kwa mishumaa ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na harufu.

Asiye na uwezo huo alikuwa na njia nyingine. Mgonjwa alipimwa kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha uzi ule ukafanywa utambi wa mshumaa. Mshumaa ulipowaka mbele ya mtakatifu, ilikuwa kana kwamba mgonjwa mwenyewe amesimama pale. Au alinunua mguu mdogo wa nta, mwepesi, uliotolewa kwenye kalibu.

Exeter imetuachia nta. Ukitaka kuziona kalibu, nenda Bavaria na Austria, ambako desturi hii iliendelea kwa karne kadhaa baada ya kufa Uingereza. Mji wa Altötting, kwa mfano, umekuwa mahali pa hija kubwa tangu mwaka 1489. Katika miji ya namna hiyo palikuwa na mafundi wenye kazi mbili kwa pamoja: kuoka mikate ya asali yenye viungo na kutengeneza vitu vya nta. Wala si ajabu, kwa kuwa asali na nta vilitoka kwa mfugaji nyuki mmoja. Hata kalibu zilifanana. Karakana iliyochonga kibao cha kuchapia mkate iliweza pia kuchonga kalibu ya sanamu ya nta.

Kalibu zilichongwa kwa mbao za miti ya matunda, hasa peasi, kwa sababu mbao hizo ni ngumu na nyuzi zake zimeshikana vizuri, hivyo kisu hupita bila kupasua. Mchongaji alifanya kazi kwa kinyume: kilichotakiwa kuinuka alikichimba, na cha kulia alikiweka kushoto. Sanamu nzima ilihitaji vipande viwili vinavyofumbatana. Kabla ya kumimina nta, mbao zililoweshwa maji ili nta isigande nazo. Vipande vilifungwa pamoja na nta ya moto ikamiminwa. Fundi alisubiri kidogo hadi nta iliyogusa mbao iwe ngumu, kisha akaimwaga ile ya katikati iliyokuwa bado majimaji. Sanamu ikatoka na uwazi ndani, nyepesi na ya bei nafuu. Nyingine zilitiwa rangi nyekundu.

Ukizitazama kalibu hizo utaona orodha ya mahangaiko ya kijiji kizima: macho, meno, matiti, mikono, miguu, moyo, mtoto mchanga aliyeviringishwa vitambaa, ng'ombe, farasi, nguruwe. Yumo pia chura. Mwanzoni nilidhani ni mnyama tu kama wengine, kumbe chura alikuwa alama ya tumbo la uzazi. Watu waliamini kwamba tumbo hilo ni kama kiumbe hai kinachotembea na kuuma ndani ya mwili wa mwanamke. Aliyetamani mtoto, au aliyeteswa na maumivu ambayo haikuwa rahisi kuyataja mbele za watu, alipeleka chura wa nta. Kalibu moja ya chura inatueleza jambo ambalo wanawake wale hawakuliandika popote.

Kuna mtu anaweza kusema kwamba kitu cha kalibu hakina thamani ya kihistoria, kwani mguu mmoja ni sawa na mingine mia. Mimi naona thamani yake iko hapo hapo. Fundi hachongi kalibu kwa ajili ya mteja mmoja. Huichonga kwa sababu anajua wateja watakuja, mwaka huu na miaka ijayo. Palipo na kalibu ya ng'ombe, palikuwa na kaya nyingi ambazo kufa kwa ng'ombe kulimaanisha njaa. Palipo na mtoto wa kuviringishwa, watoto walikuwa wakifa.

Na kwa nini kalibu zimebaki nyingi ilhali nta ya zamani ni chache? Ni kwa sababu nta huyeyuka na kuuzwa tena. Vitu vilivyotolewa nadhiri vilikuwa mali ya kanisa, na vilipojaa viliyeyushwa vikawa mishumaa. Mguu wa jana uliwaka leo altareni. Uingereza mambo yalikatika ghafla: mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII ilipiga marufuku ibada za aina hii, na Walsingham ikabomolewa mwaka huo huo. Vipande vya Exeter vilisalimika kwa kuwa vilisahauliwa juu ya ukuta, mahali ambapo hakuna aliyetazama kwa miaka 400 hivi. Austria nayo ilipata marufuku yake katika miaka ya 1780, chini ya Kaisari Joseph II, ingawa watu wa vijijini hawakuacha kabisa. Mkusanyiko mkubwa wa vitu hivi, uliokusanywa na Rudolf Kriss (1903–1973), uko mikononi mwa Bayerisches Nationalmuseum ya Munich.

Wanachama wenzangu, nimeandika haya kwa sababu moja. Katika darasa langu la mwaka wa kwanza niliwahi kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni vigumu kuiandikia historia, eti watu wake hawakuacha maandishi. Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Leo ninalo. Wakulima wa Devon na Bavaria nao hawakuacha maandishi, lakini wanahistoria wao hawakukata tamaa. Wameokota vidole vya nta kwenye vumbi na kuvisoma. Kwetu kuna mbuzi za kukunia nazi, mizinga ya nyuki, milango ya nakshi, vibao vya kuchapia vitambaa, na vyote vimepitia mikononi mwa watu waliokuwa na shida na matumaini yao.

Likizo ijayo, ukirudi nyumbani, ingia stoo. Kabla kitu cha zamani hakijatupwa, uliza kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, na aliyekitumia alikuwa akiomba nini.