Kusomea Mimea kwa Mapana: Nilichojifunza Isiolo

Kila nikirudi Mombasa kwa sikukuu, swali la barazani ni lile lile: wewe huko Isiolo wasomea nini? Nikijibu kuwa nasomea mimea, wazee hucheka kidogo, kisha wakauliza kama shahada ya pili ya majani italeta posho nyumbani. Swali ni la haki, na vijana wetu wanaomaliza shahada ya kwanza nao huniuliza. Leo nalijibu kwa kirefu.

Elimu ya mimea tuliyoizoea ni kuutambua mmea, kuupa jina na kujua unavyokua. Siku hizi, katika masomo ya uzamili na uzamifu, kuna njia nyingine inayoitwa taaluma mtambuka. Mwanafunzi hubaki na mmea wake, lakini hulazimika kujua pia udongo, maji, mifugo, soko, sheria na mila za watu wanaoishi na mmea ule. Sababu yake si fasheni. Yako matatizo ambayo elimu moja peke yake haiwezi kuyatatua, na mfano wake mkubwa ulianzia kwetu pwani.

Mfano huo ni mathenge. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 ili kuotesha upya machimbo ya Bamburi, hapa hapa Mombasa. Miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na kwenye maeneo ya kilimo cha umwagiliaji ya Tana River. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa, kupata kuni na kivuli. Aliyeuchagua aliangalia jambo moja, kwamba unastahimili ukame, na kwa hilo hakukosea.

Yaliyokosa kuangaliwa ni mengine. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyala, na mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Mafuriko huzibeba. Ukiukata mti bila kuung'oa, kisiki huchipua upya. Huko Baringo wafugaji walisema sukari ya maganda inang'oa meno ya mifugo yao. Mwaka 2006 wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama kielelezo. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huo kuwa magugu hatari.

Leo mathenge uko Isiolo pia, hasa kando ya mto Ewaso Nyiro. Nami nilifika na swali langu moja la darasani: mti huu unabadilisha vipi nyasi zinazoota chini yake? Nilikuwa na kamba ya kupimia, mifuko ya udongo na madodoso. Siku ya kwanza wafugaji walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza yao. Nani atakata, na kwa gharama ya nani? Aking'oa, malisho yatakayopatikana yatakuwa ya nani? Na je, anayechoma makaa ya mathenge akalisha watoto, atakubali umalizike? Sikuwa na jibu hata moja. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, lakini visingemsaidia mtu yeyote kuamua.

Ikanibidi nirudi kusoma upya. Nilisoma Sheria ya Ardhi za Jamii ya 2016, maana sehemu kubwa ya malisho ya Isiolo ni ardhi ya jamii. Nilijifunza habari za dedha, utaratibu wa Waborana ambao wazee hupanga malisho yapi yatumike masika na yapi yaachwe kwa ajili ya kiangazi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mathenge ukiziba malisho ya akiba, hasara haihesabiki kwa nyasi pekee. Mpango mzima wa kuvuka kiangazi huvurugika.

Si mimi peke yangu niliyeona hivyo. Mradi wa Woody Weeds, uliofadhiliwa na Uswisi kuanzia 2015, ulikusanya wanafunzi na watafiti wa ekolojia, uchumi na jamii kutoka Kenya, Ethiopia na Tanzania kuchunguza miti vamizi kama huu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, lakini swali lilikuwa moja.

Tena si mimea mibaya tu. Ubani tunaoufukiza nyumbani una jamaa yake Isiolo, Wajir na Marsabit: mti wa Boswellia neglecta, ambao utomvu wake huokotwa na wafugaji, wengi wao wanawake, wakiwa machungani. Upo pia utomvu wa hagarsu, ambao wafugaji huutumia kufukuza kupe, na uchunguzi wa maabara umeonyesha kweli una kemikali zinazowafukuza. Mkemia huijua kemikali na mfugaji huijua dawa. Lakini nani atapata faida kesho dawa hiyo ikiuzwa dukani? Hilo ni swali la sheria, ndiyo maana kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu kugawana faida.

Kwa kijana anayetaka kufuata njia hii, haya ndiyo ya kujua. Uzamili kwa kawaida ni miaka miwili, takriban mmoja wa darasani na mmoja wa utafiti. Uzamifu ni mitatu au zaidi. Kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usimamizi wa nyanda za malisho. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Gede. Kabla ya utafiti utahitaji kibali cha NACOSTI, na ukigusa rasilimali za kijenetiki za mimea, kibali cha NEMA. Muhimu zaidi, tafuta wasimamizi wawili wa fani mbili tofauti, na uhakikishe kabla ya kujiandikisha kwamba wako tayari kuzungumza wao kwa wao. Wasipozungumza, mzigo wote utakuangukia wewe.

Na kazi je? Sitawadanganya wazee wa barazani: njia hii haina utajiri wa haraka. Lakini kaunti, mashirika ya mifugo na miradi ya mazingira zinahitaji mtu anayeweza kusoma udongo asubuhi na kukaa kikao cha wazee jioni. Na sisi pwani tuna mikoko yetu, mikorosho yetu na Kaya za Mijikenda, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Wageni wanakuja kuzisomea. Nataka siku moja wakifika wawakute watoto wetu wametangulia, na wameshawauliza wazee.