Gati la Rotterdam lililoachana na madereva

Mwaka 1993, huko Maasvlakte katika bandari ya Rotterdam, Uholanzi, kampuni ya ECT ilifungua gati ambalo makontena yake yalibebwa na magari yasiyo na dereva. Lilikuwa la kwanza la aina hiyo duniani.

Safari ya kufika hapo ilianzia Marekani. Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X iling'oa nanga Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58 ya Malcom McLean, tajiri wa malori. Hadi wakati huo makuli walishusha magunia na mapipa moja moja, na meli ikikaa gatini siku kadhaa. Kontena liliwapunguzia kazi makuli. Miaka 37 baadaye ikafika zamu ya madereva, na gati hilo la Rotterdam lilijengwa kuhudumia Sea-Land, kampuni aliyoiasisi McLean huyo huyo.

Mishahara ya Uholanzi ilikuwa mikubwa na meli zilishushwa usiku na mchana. ECT ikafukia vifaa vya kuongozea magari chini ya sakafu ya gati. Gari likipita juu yake, linajua lilipo. Kompyuta ndiyo iliyolituma: pokea kontena chini ya kreni, lipeleke yadini. Huko kreni nyingine isiyo na mtu, inayotembea juu ya reli, ililipanga. Aliyebaki juu kibandani ni mwendeshaji wa kreni ya kushusha, kwa kuwa meli haitulii majini.

Hamburg ilifuata mwaka 2002 kwa gati la Altenwerder. Mwaka 2015, Rotterdam ilipofungua magati ya Maasvlakte II, hata yule mwendeshaji aliteremshwa, akaketi ofisini mbele ya skrini. Januari 2016 wafanyakazi wa bandari hiyo waligoma wakidai ajira zao zilindwe. China ilizindua magati yake ya aina hiyo ya Qingdao na Yangshan mwaka 2017.

Hata hivyo, uchunguzi wa kampuni ya McKinsey uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mitambo hiyo hupunguza gharama za uendeshaji, lakini kasi ya kazi nayo hushuka. Kwa hiyo bandari inayoitamani ijiulize kwanza mzigo wake unakwama wapi. Ukikwama forodhani au barabarani, gari lisilo na dereva litaufikisha kwenye foleni ile ile.