Fedha Zilizofukiwa: Habari za Sarafu za Kale katika Milima ya Uluguru

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya vitu vilivyofukiwa ardhini, yaani dhahabu na sarafu za zamani, na juu ya watu wanaovitafuta. Katika nchi nyingi kazi hii imekuwa mchezo wa siku za mapumziko. Mtu huchukua chombo kitambuacho madini, ambacho wachimbaji wetu hukiita ditekta, akaenda polepole shambani au ufukoni akisikiliza. Kinapolia huinama akachimba. Kwetu sisi jambo hili limezidi mchezo. Popote Wadachi, yaani Wajerumani, walipojenga boma au kupiga kambi, hapakosi hadithi ya mali waliyoificha wakikimbia, na milima ya Uluguru, upande wa Mgeta, nayo iko katika njia waliyoipita. Basi na tuulize kwa taratibu: ni fedha gani iliyopata kufika milimani huko? Nani aliileta? Na kama ingali ardhini, ina faida gani, na faida hiyo ni ya nani?

Kwanza tutazame siku za misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke, katika safari yao ya kwenda maziwa makuu, walipita Zungomero, kusini ya milima hii, mahali palipokuwa kituo kikubwa cha wasafiri watokao pwani. Lakini mali iliyotumika bara siku hizo haikuwa sarafu. Ilikuwa nguo, na shanga, na masango, ndiyo nyuzi nene za shaba. Mwenye mtama au kuku wa kuuza hakuwa na haja ya reale, kwa kuwa reale haivaliki wala haikuwa na soko kijijini kwake. Pwani mambo yalikuwa mengine. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe tangu karne ya 11, nyingi zikiwa za shaba, zenye jina la sultani upande mmoja. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeonekana mbali sana, Great Zimbabwe. Hata hivyo fedha ile ilikuwa hasa fedha ya miji ya pwani. Kwa hiyo mtu apandaye Mgeta akitumaini kukuta mitungi ya sarafu za kale za masultani, afahamu kwamba babu zetu wa milimani hawakuitumia fedha hiyo.

Sarafu iliingia milimani kwa nguvu ya kodi. Mwaka 1890 kampuni ya Kidachi iliyoishika nchi ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha. Pesa zile zilikuwa na tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, ili watu wa pwani wapate kuzisoma. Rupia zilikuwa na sura ya Kaisari wao amevaa kofia ya chuma. Kisha mwaka 1897 ikatolewa amri ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, na kwa nyumba ya shamba kiasi chake kilikuwa rupia 3. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kidogo kidogo Serikali ilitaka fedha mkononi. Hapo mtu wa milimani alilazimika kuitafuta rupia: auze chakula, au ashuke kwenda kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya wageni au katika reli, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1904 hesabu ya pesa 64 kwa rupia iliachwa, ikaja heller, 100 kwa rupia moja.

Milimani benki haikuwako, na nyumba ya nyasi huungua kwa cheche moja. Aliyeweka akiba ya rupia chache alikuwa na sababu njema ya kuzitia chunguni na kuzifukia. Hiyo ndiyo hazina ya kwanza inayoweza kuwamo katika ardhi ya Mgeta, nayo si hazina ya Kaisari. Ni kodi ya mwaka ujao ya mtu maskini, au mahari ya kijana wake.

Sasa tuje kwenye dhahabu ya Wadachi inayosemwa sana. Dhahabu hiyo ilikuwako kweli. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga bahari, na fedha mpya haikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Askari na wauzaji wa vyakula walitaka malipo, na karatasi zilizopigwa chapa hapa nchini hazikuaminiwa na watu. Kwa hiyo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Huko zilipigwa heller 20 na heller 5 za shaba kwa wingi, na pamoja nazo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na alama zake zilichorwa na fundi kutoka Ceylon.

Lakini zilikuwa ngapi? Hesabu yake inajulikana: sarafu 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kitu, na dhahabu safi robo tatu tu. Tukizikusanya zote pamoja, hazifiki kilo 120. Mzigo wa mpagazi mmoja siku zile ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Basi wapagazi watano wangeweza kuichukua dhahabu yote ya Tabora vichwani mwao bila taabu. Tena haikupigwa ili ifukiwe. Ilipigwa ili ilipwe, nayo ililipwa, ikatawanyika. Nyingi zimo leo mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu na katika majumba ya makumbusho ya dunia. Hata tukizihesabu zote, haziwezi kutosha kulijaza kila pango na kila boma linalosemwa kuwa na dhahabu ya Wadachi.

Na Mgeta je? Vita vilifika huko mwisho wa Agosti 1916. Tarehe 24 palikuwa na mapigano Mlali, chini ya milima. Tarehe 26 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia mji wa Morogoro. Wadachi walirudi nyuma kwa kuizunguka Uluguru pande zote mbili, na wengine walipita bonde la Mgeta, wakielekea Kisaki, ambako palikuwa na akiba zao kubwa. Baadaye majeshi mawili yalitazamana kando ya mto Mgeta huko chini kwenye tambarare, katika mvua na homa na njaa, hata mwanzo wa Januari 1917, Waingereza waliposonga mbele kuelekea Rufiji. Jeshi linalokimbia katika njia za milima huacha nini? Huacha kilicho kizito: maganda ya risasi, vyuma vya magari, misumari, mabati ya nyama. Fedha ni nyepesi kuliko risasi, nayo ndiyo inayowashika askari wasitoroke. Kamanda mwenye akili haiachi nyuma.

Vita vilipokwisha ikaja hasara nyingine, ambayo hadithi za hazina huisahau. Fedha ya Wadachi iliondolewa katika matumizi. Mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 shilingi. Aliyekuwa na rupia zake chunguni, akachelewa kusikia habari au akaogopa kuzitoa, alijikuta ana fedha isiyopokewa dukani. Pengine hapo ndipo ilipoanza ile imani kwamba rupia ni kitu cha siri. Katika siku zetu matapeli huuza rupia kwa bei za ajabu, wakisema ina dhahabu ndani yake, au ina nguvu ya kuleta utajiri. Ukweli ni kwamba rupia ya Mdachi ni gramu 11 na nusu hivi za fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Haina dhahabu hata chembe, wala haina nguvu yoyote ila ya kumtia mtu mjinga katika deni.

Tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Asili yake ni ya hospitali. Mwaka 1881 Garfield, Rais wa Marekani, alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akatengeneza chombo cha umeme cha kuitafuta risasi mwilini. Hakufaulu, na moja ya sababu zilizotajwa ni springi za chuma za kitanda, zilizokichanganya chombo. Katika vita vya pili vya dunia, Józef Kosacki, mhandisi wa Poland, alitengeneza chombo cha kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini, nacho kilitumika El Alamein mwaka 1942. Ditekta ya leo ni mtoto wa chombo hicho. Umeme hupita katika duara la waya, nguvu yake hushuka ardhini, na ikikutana na madini hurudisha jibu, ndipo sauti husikika.

Lakini jibu hilo si jina. Chombo hakijui tofauti ya kaburi na shamba, na bomu lisilolipuka hulia kama chungu cha fedha. Sarafu ndogo iliyo chini zaidi ya shubiri moja na nusu ni shida kusikika, basi yule anayesema chombo chake kimeona sarafu moja ndani ya pango, pima tatu chini, anakudanganya. Wala chombo hakitaukuta ule mng'ao wa mchanga wa vijito vya Uluguru, kwani unaong'aa pale mara nyingi ni ulanga, jiwe la magamba lililochimbwa katika milima hii tangu wakati wa Wadachi, nao si madini ya kulia. Mabonge ya dhahabu ni habari ya Lupa, nchi ya Chunya, ambako dhahabu ya mitoni ilivumbuliwa mwaka 1922, na ambako hata leo wachimbaji wadogo hutembea na ditekta zao.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe ninalotaka mlichukue. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu ya kale nayo ina daftari lake, nalo ni udongo unaoizunguka. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. 4 zilikuwa za Kiholanzi, na 5 za Kilwa yetu. Alizitia mkebeni, na zilifika kwa wataalamu mwaka 1979. Tangu hapo wataalamu wanabishana: zilifikaje kule, kwa chombo gani, karne gani? Hakuna awezaye kujibu, maana ziliondolewa katika mchanga kabla ya mtu yeyote kuusoma mchanga. Linganisheni na Songo Mnara, karibu na Kilwa. Huko mwaka 2011 wachimbaji wa elimu ya kale walikuta fungu la sarafu za shaba zaidi ya 300, zimelala pamoja kama zilivyowekwa. Hazikuwa dhahabu, lakini kwa kuwa zilionekana mahali pake, zilieleza ni sarafu za masultani gani zilizotumika wakati mmoja, habari ambayo hapo kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Wala si kweli kwamba mwenye ditekta lazima awe adui wa elimu. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mzee mmoja alikwenda na chombo chake kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani. Alipoanza kutoa sarafu za Warumi, aliacha kuchimba akatoa habari. Wataalamu walikuja wakatoa sarafu karibu 15,000 na vyombo vya dhahabu na fedha, kila kitu kikiandikwa mahali pake. Mzee alipata thawabu kubwa, na nyundo nayo ikapatikana. Leo imo katika makumbusho ya London.

Hapa kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kuvitafuta bila kibali ni kosa. Dhahabu nayo ina sheria ya madini na leseni yake. Lakini sheria peke yake haiwezi kulinda kila mlima. Pale Mgeta mashamba yamelala juu ya miteremko mikali, na shimo lililoachwa wazi hufunguliwa na mvua hata likawa korongo, na mboga za mtu zikashuka mtoni. Huo ni uharibifu unaoonekana kwa macho.

Usioonekana ni huu. Katika vita vile wapagazi waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya elfu, na wengi hawana jiwe wala jina lililoandikwa. Mahali walipoanguka, pengine kilichosalia ni kifungo, kijiko cha bati, au heller moja iliyokuwa imefungwa pembeni mwa nguo. Anayeing'oa heller hiyo akaiuza kwa bei ya soda ameuza ushahidi wa pekee kwamba mtu alipita pale akiwa na mzigo kichwani. Basi ukikutana na kitu cha namna hiyo, simamisha jembe. Usikisugue, usikitoe. Tia alama, umwambie mzee wa kijiji na mwalimu wa shule, na habari zipelekwe kwa wenye kazi ya mambo ya kale. Ukifanya hivyo, jina la mahali litaandikwa pamoja na kitu chenyewe, na wajukuu wetu watasoma kwamba mtu wa Mgeta ndiye aliyelifungua daftari hilo bila kulichana.