Rangi Haiui Mtu: Historia ya Matatu na Hukumu Zetu



Ni ada ya binadamu kuhukumu kitu kwa sura yake. Gari likipita mtaani limechorwa ubavu mzima, lina taa za kila rangi na muziki wa kutikisa madirisha, mara moja twasema: "Hayo ndiyo yauayo watu." Na jingine likipita jeupe, kimya, limeandikwa maneno ya kheri nyuma, twawapandisha watoto wetu bila ya kuuliza kama dereva wake ana leseni au kama breki zake zashika. Nataka leo tuitazame historia ya matatu katika nchi ya Kenya, tuone hukumu hii ya haraka imetufikisha wapi.

Jina lenyewe latokana na lugha ya Wakikuyu, na maana yake ni "tatu", kwa kuwa nauli ya mwanzo ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Magari hayo yalikuwa makuukuu, yameungwa kwa bati na mbao, yakiwachukua watu maskini ambao mabasi ya kampuni hayakuwafikia. Hayakuwa na ruhusa ya kubeba abiria, na polisi wakiyakamata. Kisha katika mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba yaachwe yafanye kazi bila ya leseni ile waliyotakiwa wenye mabasi kuwa nayo. Wengi wakapata riziki, na abiria wakapata usafiri. Lakini mlango ulifunguliwa bila ya bawabu: hapakuwa na mtu wa kuuliza gari ni zima au bovu, wala dereva amelala saa ngapi. Ilipita miaka kumi na moja, hata mwaka 1984, ndipo sheria ilipozitambua matatu rasmi na kutaka zikaguliwe.

Katika miaka ya themanini na tisini matatu zikabadilika sura. Mafundi wa jua kali wakawa wanaunda bodi kwa mikono yao, na vijana wachoraji wakazipamba kwa picha za wanamuziki, wacheza mpira na mashujaa wa siasa. Redio kubwa zikatiwa, na honi za kila sauti. Huko Nairobi gari la namna hii siku hizi huitwa nganya, na wapo vijana waliokuwa tayari kungoja kituoni ili wapande lile walipendalo. Sisi wazee hatukuipenda kelele ile, na baadhi ya picha zilikuwa za aibu, hazifai kutazamwa na mtu aliye pamoja na mama yake. Hilo ni kweli na halifichiki. Lakini ndani yake mlikuwa na ufundi na riziki ya halali: mchomaji wa vyuma, mshonaji wa viti, fundi wa umeme, mpaka rangi.

Magazeti nayo yakawa na lugha yao. Ajali ikitokea, habari huandikwa pamoja na wahuni, bangi, muziki na michoro, kana kwamba vitu hivyo vyote ni kitu kimoja. Barua za wasomaji zikawa hivyo hivyo. Ikawa vigumu kwa msomaji kujua gari lilipinduka kwa sababu gani hasa: ni mwendo? ni gurudumu lililokwisha? ni abiria kupita kiasi? Kijana aliyefanya kazi katika matatu akawa mkosa kabla hajakosa. Na dini yetu yatukataza kuwafanyia watu dhulma kwa khabari tusiyoihakikisha.

Sasa tuje kwenye mwaka 2004. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alitoa kanuni ambazo mpaka leo zaitwa kwa jina lake, na zikaanza kushika tarehe mosi Februari mwaka huo. Kila matatu itiwe kidhibiti mwendo, ambacho watu hukiita spidi gavana, isipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Abiria wasizidi viti. Dereva na kondakta wavae sare. Na gari lipigwe mstari wa manjano ubavuni, na michoro ifutwe. Siku za mwanzo magari mengi yaliondolewa barabarani, watu wakaenda kazini kwa miguu, na wengi wao, juu ya taabu ile, waliunga mkono.

Haki isemwe: kanuni zile zilikuwa na kheri kubwa. Mtu alikaa kitini mwake bila ya kukaliwa magotini, na ajali kwa muda zikapungua. Lakini tazama, ndugu msomaji, yaliyofuata. Baada ya Michuki kuondoka katika wizara hiyo, mikanda ikachakaa isibadilishwe, vidhibiti mwendo vikachezewa na mafundi, na abiria wakaanza tena kubanwa. Rahisi kusimamiwa ulikuwa ule mstari wa manjano, kwani askari auona kwa mbali bila ya kuinama kutazama gurudumu. Gari likawa na rangi ya sheria, na mwendo wa zamani. Hata Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotoa ruhusa michoro irudi, akiiona kuwa ni kazi ya vijana, vifo vilikuwa havikungoja rangi irudi. Mwezi wa Novemba 2018 serikali ikalazimika kutangaza upya msako wa kuzirudisha kanuni zile zile. Na katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kabisa ni waendao kwa miguu, ambao hawakupanda gari lo lote, si lenye picha wala lisilo na picha.

Basi ni nini kiuacho? Yatupasa kupambanua. Kupamba gari ni jambo moja, na kuliharibu ni jambo jingine. Anayechora ubavu hajamdhuru mtu. Lakini anayekata springi ili gari likae chini, anayekichezea kidhibiti mwendo, anayeacha gurudumu mpaka likawa kama kipara, huyo amelibadili gari likawa silaha, hata kama ni jeupe kama kanzu ya Ijumaa. Wala kupenda magari na mbio zake si uhalifu. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi aliyelijua gari kwa mikono yake, na nchi nzima ilimshangilia. Tofauti yake na kijana akimbizaye gari mbele ya skuli ni kuwa yule alikwenda mbio mahali pa mbio, na watu wamejua. Huyu aiweka rehani roho ya mtoto asiyemjua.

Na chini ya mwendo kuna jambo ambalo halichorwi ubavuni, nalo ni hesabu. Tajiri humwambia dereva: jioni niletee kiasi fulani, kitakachozidi ni chako na kondakta. Hapo dereva hutoka alfajiri na deni kichwani. Kila dakika ya kusimama ni hasara, kila abiria wa ziada ni chakula cha wanawe. Tumemlaani dereva miaka hamsini, na tajiri huyu tukamwita mtu mwema, pengine akakaa safu ya mbele.

Tena kuna sisi abiria. Mnamo mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika Kenya. Walichukua matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Nusu wakazibandika ndani karatasi za kuwahimiza abiria waseme dereva akienda ovyo, na nusu wakaziacha kama zilivyo. Kisha wakatazama madai ya bima. Katika zile zilizobandikwa, madai ya ajali yalipungua kwa nusu au zaidi. Hawakubadili injini wala rangi. Kilichobadilika ni kuwa mtu alipata ujasiri wa kusema: "Dereva, punguza mwendo, tuna watoto humu."

Neno hilo moja lilikuwa dawa, nasi tulikuwa nalo tangu zamani. Si tumefundishwa kukataza ovu kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi? Mara ngapi tumekaa katika gari likapita jingine kwenye kona, kila mtu akivuta uradi kimoyomoyo, na hakuna aliyefungua kinywa? Kumtegemea Mungu ni wajibu, lakini kunyamaza si kutegemea.

Kwa hivyo, ewe mwenye gari, punguza hesabu yako, kwani pesa inayotoka katika damu haina baraka. Nawe dereva, abiria ni amana. Hukupewa roho zao uzifanyie mashindano. Nanyi waandishi, mkiandika ajali tuambieni sababu, msituambie rangi. Na wewe ndugu msomaji, ukipanda kesho, usitazame picha ya ubavuni. Tazama gurudumu, tafuta mkanda, na mwendo ukizidi, sema, na mwenzako akisema, muunge mkono.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika barabara hizi, na atujaalie kuwa wenye kuhukumu kwa uadilifu. Amin.