Mlio wa Bastola ni Shahidi: Historia Fupi ya Sailensa, Kutoka Makindu

1/ Kila mara mjadala wa raia kumiliki bunduki ukirudi, kuna mtu lazima aulize: nichukue bastola gani, mtutu gani, na je, naweza kuifunga sailensa? Wadau, leo tuongelee hiyo. Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwetu ni Makindu. Kanuni ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Na hoja yangu naiweka mezani mapema: hapa Kenya swali halijawahi kuwa bastola gani. Swali ni nani anaruhusiwa kufyatua bila kusikika.

2/ Kwanza tuondoe uongo wa sinema. Sailensa ni bomba linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Ndani yake kuna vyumba vidogo vinavyoshika gesi moto na kuitoa polepole. Ndiyo maana watu wanatafuta mtutu mrefu kidogo, ambao mdomo wake umechongwa mistari ya kuzunguka kama bolti. Bila hiyo mistari, bomba halina pa kushika.

3/ Lakini hainyamazishi kabisa. Bastola hutoa mlio wa karibu desibeli 160. Sailensa nzuri inapunguza kama 20 hadi 35. Hiyo bado ni kelele. Tena sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na risasi nyingi za milimita 9 hupita hapo. Zikipita, zinapasua hewa na kutoa mlio wao wenyewe, ufunge sailensa usifunge. Risasi ya .45 ni nzito na ya polepole, kwa kawaida haifiki hapo. Hiyo sauti ya “pyuu” ni ya sinema tu.

4/ Sasa historia. Mwaka 1884 Hiram Stevens Maxim alitengeneza bunduki iliyojipakia yenyewe na kumwaga risasi mfululizo. Bunduki hiyo ilisaidia kuiteka Afrika. Mwaka 1892 ililia Mengo, Buganda, na aliyekuwa nayo ndiye aliyeshinda. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akapata hataza ya sailensa mwaka 1909. Yaani baba aliuza kelele, mtoto akauza ukimya.

5/ Mwaka huo huo wa 1909, rais mstaafu wa Marekani alishuka Mombasa akapanda reli ya Uganda kuja kuwinda. Reli hiyo ilianza kujengwa 1896, ikapita hapa kwetu Makindu, ikafika ziwani Kisumu 1901. Yeye na mwanawe walipiga wanyama 512. Walikuwa na leseni, kwa hiyo hiyo iliitwa safari.

6/ Lakini huku Ukambani silaha ya kimya ilikuwepo kabla ya hataza yoyote. Ni upinde. Mshale uliopakwa sumu ya msunguti unaangusha mnyama mkubwa, na aliye kilima cha pili hasikii kitu. Wakamba na Waata waliwinda hivyo vizazi na vizazi.

7/ Serikali ya kikoloni ikamwita huyo mtu jangili. Tsavo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 kukawa na kampeni kubwa ya kuwakamata wapiga mishale. Sisemi ndovu hawakuhitaji ulinzi. Walihitaji. Nasema tu tuone mpangilio: mwenye bunduki ya kelele na karatasi alikuwa mgeni wa heshima, mwenye silaha ya kimya bila karatasi alienda jela.

8/ Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Kukutwa na bunduki bila kibali kuligeuka kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956. Shtaka lake mahakamani Nyeri halikuwa uasi. Lilikuwa kukutwa na bastola moja na risasi 6. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

9/ Sheria yetu ya bunduki, Sura ya 114, ina mizizi katika miaka hiyo ya hofu. Msingi wake ni wa Kiingereza: bunduki ni ruhusa, si haki. Unaomba, unaeleza sababu, unapekuliwa. Katiba ya 2010 haikukupa haki ya kubeba bunduki, hata ukiisoma kichwa chini. Desemba 2018 raia wote wenye leseni waliagizwa wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Ruhusa ndiyo hiyo: inaweza kuitishwa tena.

10/ Na Waingereza wenyewe waliionaje sailensa? Sheria yao ya 1968 ilikihesabu kifaa cha kupunguza mlio kama sehemu ya silaha. Marekani waliiwekea kodi ya dola 200 mwaka 1934, pesa nyingi sana wakati huo. Vita Kuu ya Pili ndiyo ilionyesha sababu. Majasusi wa Uingereza walitengenezewa Welrod, bastola yenye sailensa ndani yake. Hata kupakia risasi ya pili ilibidi uvute kwa mkono, maana chuma kinachojirudisha chenyewe nacho kinapiga kelele. Hiyo haikuwa ya kulinda duka.

11/ Tuwe wa haki sasa. Norway na New Zealand mwindaji anaweka sailensa na hakuna anayeshtuka. Inamlindia masikio, majirani wanalala. Hoja ni nzuri. Lakini ni hoja ya mwindaji, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ukiondoa mwindaji, anabaki nani? Anabaki mtu mwenye bastola mjini, anayesema anaogopa majambazi. Huyo mlio ni rafiki yake: unawaamsha majirani, unawaleta watu.

12/ Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Makindu iko kwenye barabara ya Mombasa, malori yanapita usiku kucha. Bado risasi ikilia, mji mzima unajua. Asubuhi watu wanaulizana: ililia saa ngapi, upande gani, mara ngapi? Huo ndio ushahidi wa kwanza wa mwananchi, kabla ya ripoti yoyote kuandikwa. Sheria ya polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyetumia bunduki aripoti kwa mkubwa wake, na mtu akifa au akiumia vibaya, IPOA iambiwe. Lakini ripoti isiyoandikwa hufukuliwa na nani? Na yule mama aliyesikia.

13/ Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani, wa upande wowote, akaahidi kulegeza au kukaza sheria ya bunduki, msimuulize kuhusu Glock wala Ceska. Muulizeni haya: Silaha za kimya zitakuwa mikononi mwa nani? Nani ataweka daftari lake? Na risasi ikipigwa bila kusikika, jirani atashuhudia nini?

14/ Wazee wetu waliitwa majangili kwa sababu mishale yao haikusikika. Basi kipimo hicho hicho kiwekwe kwa kila mtu, awe raia mwenye pesa au afisa wa serikali. Karibuni kwenye maoni, lakini njooni na hoja, matusi yabaki nyumbani.