Pale kicheko kinapokatika: wake sita wa Henry wa Nane jukwaani

Mara ya kwanza watu hucheka. Msichana aliyevaa waridi, nywele kazifunga mkia mrefu nyuma, anaimba habari za mwalimu wake wa muziki. Kibwagizo ni chepesi, kinachezeka, kama zile nyimbo za redioni za mwishoni mwa miaka ya 1990. Anakuja mwanamume wa pili, kibwagizo kinarudi, watu wanacheka tena ila si kwa sauti ileile. Anakuja wa tatu, naye ni mfalme. Anakuja wa nne. Kufikia hapo kibwagizo kilekile kinatoka kooni kama kinavutwa kwa kamba, mikono ya wachezaji wenzake inamshika kiunoni, begani, shingoni, na ukumbi mzima uko kimya.

Msichana huyo ni Katherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyekatwa kichwa tarehe 13 Februari 1542. Wimbo unaitwa "All You Wanna Do", na onyesho ni "SIX", tamthilia ya muziki ya dakika 80 hivi iliyoanza kama kazi ya wanafunzi na kuishia Broadway. Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi kuliko nyimbo zote za onyesho hilo. Bado sijazoea kibwagizo cha nne.

Wanafunzi wenyewe walikuwa Toby Marlow na Lucy Moss, mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Cambridge. Marlow amesimulia kwamba wazo lilimjia darasani, somo la ushairi likiendelea na akili yake ikiwa kwingine. Chama cha tamthilia za muziki cha wanafunzi wa Cambridge kilihitaji mchezo mpya wa kupeleka kwenye tamasha la Edinburgh la Agosti 2017. Wawili hao wakauandika huku mitihani ikiwasubiri. Walitaka nafasi za wanawake zenye uzito na zenye kuchekesha, maana tamthilia nyingi humpa mwanamke kazi ya kupendwa au kulia. Desemba mwaka huohuo onyesho lilijaribiwa London, kwenye ukumbi mdogo wa Arts Theatre. Mwaka 2018 ikatoka albamu ya studio, ikapenya kwenye simu za vijana ambao hata London kwenyewe hawajafika, na Januari 2019 onyesho likarudi Arts Theatre likiwa tayari na watu wanaojua maneno yote.

Mpango wake ni rahisi. Watoto wa shule Uingereza hufundishwa kuwakumbuka wake sita wa Henry kwa jinsi kila ndoa ilivyokwisha, kana kwamba majina yao ni ziada tu. Marlow na Moss waliwapa malkia hao vipaza sauti, wakawawekea nyuma bendi ya wanawake wanne, kinanda, gitaa, besi na ngoma, kisha wakawapa shindano: aliyeteswa zaidi na mume ndiye atakayekuwa kiongozi wa kundi. Kila mmoja ana wimbo wake na kila wimbo umeshonwa kwa kitambaa cha nyota wa pop wa siku hizi. Catherine wa Aragon ana Beyoncé ndani yake, Jane Seymour ana Adele, Anna wa Cleves ana Nicki Minaj na Rihanna. Aliyekulia kwenye taarabu wakati vikundi vya Muungano na TOT vikitupiana maneno miaka ya 1990 hahitaji maelezo marefu. Hii ni mipasho, tofauti ni kwamba wanaopashana waliolewa na mume mmoja.

Wake wenza, basi? Hapana, ingawa ilikaribia. Anne Boleyn, mke wa pili, aliolewa kwa siri Januari 1533, na ndoa ya Catherine wa Aragon, mke wa kwanza, ilitangazwa kuwa batili Mei 23 mwaka huo. Kwa miezi minne Henry alikuwa na wake wawili, kila mmoja akijiona ndiye wa halali. Na hapa nina ugomvi mdogo na onyesho pamoja na wale watoto wa shule: neno talaka linatumika ovyo. Kanisa la wakati ule halikuwa na talaka ya namna tunayoijua. Ndoa ilibatilishwa, yaani ilitamkwa kwamba haikuwahi kuwapo. Mwanamke aliyekaa na mumewe miaka ishirini na zaidi aliambiwa kwamba muda wote huo alikuwa mjane wa marehemu kaka yake Henry tu. Talaka ingekuwa afadhali, kwa kuwa ingekiri kwamba aliolewa.

Ndiyo maana wimbo wa Catherine, "No Way", una nguvu kuliko unavyoonekana. Katikati yake anamtaka mfalme ataje kosa moja tu alilowahi kumtendea, halafu anangoja. Jibu haliji. Kimya hicho hakikutungwa Cambridge. Tarehe 21 Juni 1529, mbele ya mahakama ya wajumbe wa papa kule Blackfriars, Catherine alivuka ukumbi, akapiga magoti miguuni pa Henry, akamuuliza amemkosea nini. Henry hakujibu. Catherine akainuka akatoka, akaitwa arudi, hakugeuka. Hata habari ya kumtaka aingie utawani, ambayo wimbo unaifanyia mzaha, ni ya kweli. Kardinali Campeggio alimpelekea pendekezo hilo mwaka 1528, naye akalikataa.

Wimbo mmoja haubebi kila kitu, na mengi ya Catherine yameachwa. Mwaka 1513, Henry akiwa vitani Ufaransa, yeye ndiye aliyeshika utawala. Jeshi la Uingereza likamwua Mfalme James wa Nne wa Scotland kule Flodden, na Catherine akampelekea mumewe koti la marehemu lenye damu. Nalo hilo lingeimbika.

Kuna jambo jingine kuhusu Catherine ambalo msomaji wa Kiafrika huenda akalipenda. Waigizaji wa nafasi hiyo onyesho liliporudi London mwaka 2019 na lilipozinduliwa Broadway, Jarneia Richard-Noel na Adrianna Hicks, ni wanawake weusi, na wako watu walioona kwamba historia imepindwa. Hakuna aliyedai kwamba Catherine alikuwa mweusi. Lakini ikulu yake ilikuwa na watu weusi. Siku ya Mwaka Mpya 1511 Catherine alijifungua mtoto wa kiume, na Februari yakafanywa mashindano makubwa ya farasi Westminster kumshangilia. Karatasi ndefu iliyochorwa kukumbuka siku hizo ingalipo, na ndani yake mpiga tarumbeta mweusi mwenye kilemba anaonekana mara mbili. Ni John Blanke, aliyekuwa akilipwa peni nane kwa siku tangu enzi za baba yake Henry, kisha akaandika ombi apewe mara mbili yake. Kwa hiyo ukisikia ala za muziki na ukaona mtu mweusi mbele ya Henry wa Nane, umekaribia picha ya 1511 kuliko unavyodhani. Mtoto mwenyewe alikufa kabla Februari haijaisha.

Wimbo wa Anne Boleyn ndio unaopendwa na wengi, nami ndio unaonichosha. Amefanywa binti mtundu anayeandika meseji za mkato na kushangaa kwa nini watu wamekasirika. Unachekesha, sikatai. Lakini Anne halisi alikulia kwenye ikulu za ughaibuni, alisoma vitabu vya mageuzi ya dini kwa Kifaransa, na aliposimama mbele ya mkata vichwa kwa upanga aliyeletwa kutoka Calais, tarehe 19 Mei 1536, alijua vizuri kwa nini yuko pale. Mzaha wa kichwa kukatika unarudiwa hadi unapoteza makali. Jane Seymour, aliyechumbiwa na Henry siku moja baada ya Anne kuuawa, anapewa wimbo wa taratibu wa mapenzi, mzuri wa sauti, usio na mengi ya kueleza. Alimzaa Edward Oktoba 12, 1537, akafa siku kumi na mbili baadaye.

Baada ya huzuni hiyo taa zinazimika, malkia wote wanarudi na kola za mikunjo zinazong'aa gizani na miwani ya kijani, na muziki unageuka disko la Kijerumani. Tumeingia karakana ya Hans Holbein, mchoraji wa mfalme. "Haus of Holbein" ni upuuzi mtupu, na ni upuuzi wenye akili. Picha za wachumba zinapitishwa moja baada ya nyingine kama kwenye programu za simu za kutafuta wapenzi. Nani atakataa kwamba ndivyo ilivyokuwa? Mwaka 1538 Holbein alitumwa Brussels, akapewa saa tatu tu za kumchora Christina wa Denmark, binti mjane wa miaka 16. Mwaka uliofuata akapelekwa kuwachora mabinti wa Cleves, Anna na mdogo wake Amalia. Henry akachagua kwa picha. Tarehe 1 Januari 1540 alimwendea Anna kule Rochester akiwa amejibadili sura kwa mavazi, Anna hakumtambua wala hakumshughulikia, na mambo yakaharibika kuanzia hapo. Ndoa ilidumu miezi sita.

Anna hakupinga. Akakubali ndoa ibatilishwe, akapewa kasri la Richmond na lile la Hever, akaitwa dada mpendwa wa mfalme. Wimbo wake ni majigambo ya mwanamke mwenye nyumba na fedha, asiye na mume, na anapomaliza inabidi akiri kwamba kwenye shindano la mateso hana la kusema. Alikufa 1557, wa mwisho kati ya sita. Picha aliyochorwa na Holbein iko Louvre, na mtu akiitazama leo atajiuliza Henry alikuwa akilalamikia nini.

Kisha anaingia Katherine Howard, nami narudi nilipoanzia.

Haijulikani alizaliwa lini, wengi wanakisia karibu na 1523. Alilelewa katika nyumba ya bibi yake wa kambo, mjane wa Duke wa Norfolk, ambako mabinti walilala chumba kimoja na uangalizi ulikuwa haba. Mwaka 1536 aliletwa Henry Manox kumfundisha muziki. Akafuata Francis Dereham. Julai 1540 akaolewa na mfalme wa miaka 49, pengine yeye akiwa na 17. Akafuata Thomas Culpeper, mhudumu wa chumba cha mfalme. Hao ndio wanaume wanne wa ule wimbo, beti nne, na mpangilio wake ni sahihi.

Tumejuaje? Kwa karatasi za mahojiano. Novemba 2, 1541, Askofu Mkuu Cranmer alimwachia Henry barua kanisani Hampton Court, na ndani ya siku chache kila aliyewahi kulala nyumba moja na Katherine alikuwa akihojiwa. Karibu yote tunayoyafahamu kuhusu utoto wake yaliandikwa na watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kumwua. Ndani ya karatasi hizo imo kauli yake kwamba Dereham alimlazimisha. Angesema waliahidiana ndoa, ndoa yake na mfalme ingekuwa batili tangu awali na uzinzi usingekuwapo, huenda angepona. Hakusema hivyo. Dereham na Culpeper waliuawa Desemba. Yeye hakupata hata kesi mahakamani. Bunge lilipitisha sheria ya kumhukumu, na inasimuliwa kwamba usiku wa mwisho aliomba aletewe gogo la kukatia ajifunze namna ya kuliwekea shingo.

Marlow na Moss wamechukua orodha ya wapelelezi, wakaiacha kama ilivyo, kisha wakamwimbisha yeye. Ubeti wa kwanza ni ushahidi wa mashtaka: tazameni msichana mwepesi. Ubeti wa nne ni orodha ileile, hakuna kilichoongezwa, na sasa unaona mtoto aliyepitishwa mkono hadi mkono. Sijui kitabu kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa dakika tano. Kosa dogo lipo. Culpeper anachorwa kama wale wengine, mwanamume anayejifanya rafiki ili apate anachotaka. Lakini barua moja ya Katherine kwake imehifadhiwa, na aliyeiandika anaonekana kumtamani kweli. Wimbo haukuwa na nafasi ya barua hiyo. Ingeuvunja.

Baada ya hapo kuendelea na shindano kunatia aibu, na Catherine Parr, mke wa sita, ndiye anayelikataa. Uamuzi huo ni wa haki kihistoria. Parr alichapisha kitabu cha sala kwa jina lake mwaka 1545, jambo ambalo hakuna malkia wa Uingereza aliyelifanya kwa Kiingereza kabla yake, na kingine kilitoka 1547 baada ya Henry kufa. Watu humkumbuka kwa kuwa alibaki hai, kana kwamba hiyo ilikuwa kazi yake. Jukwaani anauliza kwa nini wanahesabiana majeraha ya mtu ambaye hata hajaonekana tangu pazia lifunguliwe.

Onyesho lenyewe nusura lipate mwisho mbaya. Uzinduzi wa Broadway ulipangwa tarehe 12 Machi 2020, ukumbi wa Brooks Atkinson. Siku hiyohiyo, kuanzia saa kumi na moja jioni, kumbi zote za Broadway zilifungwa kwa amri ya gavana kwa sababu ya korona. Zilibaki saa chache tu. Uzinduzi ukaja kufanyika Oktoba 3, 2021, na Lucy Moss, aliyeongoza pamoja na Jamie Armitage, akawa mwanamke mdogo kuliko wote kuwahi kuongoza tamthilia ya muziki Broadway. Juni 2022 onyesho likapata tuzo mbili za Tony, moja ya nyimbo, nyingine ya mavazi ya Gabriella Slade.

Albamu ya Broadway ilirekodiwa usiku huohuo wa uzinduzi, mbele ya watu. Weka masikio kwenye wimbo wa Katherine. Makelele ya mwanzo ni makubwa, ya watu waliosubiri mwaka mmoja na nusu. Halafu fuatilia yanavyopungua, kibwagizo baada ya kibwagizo.